Kihamba Changu cha Vyungu

Juzi binti mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sijawahi kumtia machoni, alinitumia picha kwenye simu. Chini yake akaandika: "Shikamoo Mzee Gaspari. Ua langu lilikuwa na madoa meupe mazuri, sasa limegeuka kijani tupu. Au kuna mtu kaniroga?" Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuona kulikoni. Nikamjibu: marahaba mwanangu, hakuna aliyekuroga, umelihurumia mno ua lako. Tafuta lile tawi la kijani linalokimbia kuliko yote, lile unalojivunia, ulikate.

Siku nzima hakunijibu. Nadhani alifikiri mzee amechanganyikiwa.

Simlaumu. Kukata kinachostawi na kuacha kinachosuasua ni jambo linalopingana na akili ya mkulima, na sisi wa huku mlimani tumezaliwa na akili hiyo hata kama tunavaa tai. Mimi nimetunza maua ya ndani, hotelini hapa Moshi, tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Somo hili lilinikaa kichwani siku Baba yangu mzazi alipofanya kinyume chake ndani ya chumba changu, nusura nikose kazi. Nitawasimulia. Lakini kwanza niseme machache ya kazi yenyewe, maana nawajua, wengine mtabeba hadithi mkaacha somo mezani.

Ua lenyewe mnalijua wote. Lina majani ya umbo la moyo, linatambaa na kuning'inia, na kila jani la kijani limechuruzikiwa na weupe kama mtu aliyemwaga maziwa. Wauzaji wa siku hizi wana majina marefu ya kizungu. Hotelini tuliliita Madoa, na mimi nitaendelea kumwita hivyo, maana tumeishi naye kama ndugu.

Madoa wengi ninaoletewa wamekufa kwa maji. Aliyenitoa katika kosa hilo ni Sista Benigna, mtawa aliyenifundisha kazi nilipokuwa mfagizi kwenye nyumba ya masista huko Marangu. Kila aliponikuta na kopo la maji, alinikamata mkono akauchomeka udongoni.

"Gaspari, kidole kinasema nini?"

"Kinasema kuna unyevu, Sista."

"Basi weka kopo chini, umwache apumue."

Kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu. Zamu yako ikifika unamwagilia utake usitake, kwa sababu ukiiacha imekwenda kwa jirani. Mtu aliyelelewa hivyo ukimpa bomba la ndani anazamisha kila kitu chenye mizizi. Sista alinifundisha kwamba ndani ya nyumba hakuna zamu. Ngoja udongo wa juu ukauke, kidole kikizama bila kupata ubaridi ndipo umwage, na ukimwaga umwage mpaka maji yatokee chini. Chungu kisicho na tundu chini ni kaburi, hata kikiwa na nakshi.

Mwanga nao una adabu yake. Mpe Madoa dirisha la asubuhi, umweke mbali na jua la mchana linalobabua. Ukimficha kwenye kona yenye giza hatakufa, ila weupe utampotea. Sababu ni rahisi: sehemu ya kijani ndiyo jiko la jani, sehemu nyeupe ni sebule tu. Mmea ukiona mwanga haba unabana matumizi, unafunga sebule na kupanua jiko. Nyumbani kwenu mkiishiwa hamfanyi hivyo hivyo?

Halafu kuna vumbi, na mnajua vumbi la Moshi wakati wa kiangazi. Futa majani kwa kitambaa laini na maji matupu. Mhudumu wetu mmoja wa baa aliyafuta kwa mafuta ya kupikia ili yang'ae. Yaling'aa kweli, kisha yakaota manyoya ya vumbi, sisimizi wakafungua barabara kuu kutoka kaunta. Mlinzi naye, mtu wa Marangu kama mimi, aliona ua la mapokezi limedhoofu. Akaleta samadi mbichi kutoka zizini kwake, akakijaza chungu kwa mapenzi yote. Siku hiyo wageni walijiandikisha wakiwa wameziba pua. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na mimi nia njema ndizo zilizonisumbua katika kazi hii kuliko wadudu.

Sasa njooni Majengo, mtaa wa hapa Moshi nilikoanzia maisha.

Mimi ni mtoto wa katikati. Kwa kijana wa mjini hilo halina uzito, lakini kwetu lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa sehemu yake mapema. Wa mwisho alirithi nyumba ya baba pamoja na kihamba, yaani lile shamba la nyumbani, migomba juu na kahawa chini yake, ambamo ukoo umeishi na kuzikwa. Wa katikati alipewa baraka. Baraka ni kitu kizuri sana ila huwezi kupanda mgomba juu yake. Nilishuka mjini na begi moja, na ndani ya begi kipande cha Madoa ambacho Sista Benigna alinifungia kwenye kitambaa kibichi.

Nilipanga chumba Majengo kwa Bi Zuhura, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa na moyo wa kuulisha. Nikapata kibarua cha siku kwa siku hotelini, kupangusa na kumwagilia. Wanaume wenzangu hawakunionea huruma. "Gaspari, leo umewanawisha uso wangapi?" Baba alikuwa mkali zaidi. Kwake yeye, mmea usioliwa, usionywewa, wala usiomshibisha ng'ombe, ni gugu lililopata bahati.

Ndipo akaja meneja mpya, Mama Ester, mwanamke asiyetumia maneno matatu panapotosha mawili. Ukumbi wetu wa mapokezi una roshani juu, imezunguka kuta kutoka ngazini mpaka dirisha kubwa linalotazama mlima. Alisimama katikati ya ukumbi akanyoosha kidole.

"Nataka Madoa roshani nzima, vyungu vimefuatana, vinaning'inia, rangi moja. Watu wakianza kupanda nyumbani kwa Krismasi wakute tayari. Ukiweza, nakuajiri. Usipoweza, yapo maua ya plastiki, na hayo hayahitaji mtu."

Mnaijua Desemba yetu. Mchagga popote alipo duniani anafunga duka na kurudi mlimani, na kila mwenye harusi anatafuta ukumbi. Ilikuwa nafasi ya maisha yangu.

Shida ni kwamba nilikuwa na Madoa mmoja tu. Lakini Madoa gani! Alikaa juu ya kabati chumbani, kamba zake zimezunguka dirisha, zimepita juu ya kitanda, zimefika mlangoni. Majirani walileta wageni wao kuja kumtazama. Nilijua la kufanya: kumkata vipande vipande, kila kipande kiwe na kifundo, pale jani linapotokea, maana mizizi hutoka kwenye kifundo na si kwingine, kisha nijaze vyungu vya roshani. Kila nilipochukua mkasi mkono uligoma. Nilijiambia nitakata kesho. Kesho zikapita, na baridi ya Julai nayo ikapita. Nilikuwa kama mfugaji anayelala njaa huku akisifia urefu wa pembe za ng'ombe wake.

Hapo Baba akashuka kutoka Marangu kuja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Alikuwa na neno la pili mfukoni. Mjomba wangu alikuwa na majaruba ya mpunga Mabogini, huko tambarare chini ya mji, anatafuta mtu wa kuyasimamia.

"Mwanangu, nisikilize," Baba alisema baada ya chakula. "Mpunga unalika. Hayo majani yako, ukiyachemsha, nani atakunywa mchuzi wake?"

"Nipe mpaka Krismasi, Baba. Mama Ester akiniajiri, nabaki. Akinikataa nashuka Mabogini, na sitabishana na wewe tena."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Kesho yake nilikwenda kazini, nikamwacha peke yake. Mzee wa Kichagga hajui kukaa bure. Ukimfungia ndani ya boksi atapalilia boksi. Niliporudi nilimkuta kibarazani, kisu cha jikoni kando yake, uso umechangamka kama aliyetoka kuvuna.

"Karibu, mwanangu. Leo nimekulipa chakula chako."

Niliingia ndani. Dirisha lilikuwa tupu. Juu ya kitanda hapakuwa na kitu. Kwenye kabati kilikuwa kimebaki chungu na kamba moja, nene, ya kijani tupu, ile ile ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipangia mkasi.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekupunguzia! Lilikuwa na ugonjwa, majani yamepauka, hata kwa macho haya mabovu niliuona. Nimeondoa yote dhaifu, nimekuachia moja lenye afya. Si ndivyo tunavyofanya kwenye mgomba? Unachagua chipukizi lenye nguvu, mengine unaondoa. Sasa utaliona litakavyokimbia!"

"Na uliyoyakata?"

"Nimeshasafisha. Kwani umeniona mchafu?"

Nyuma ya nyumba moshi wa jalala ulikuwa unapanda. Bi Zuhura huchoma taka jioni. Sikuuliza zaidi. Mtoto hamkaripii baba yake, basi nikachukua taulo nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia. Nililia kweli kweli, mwanaume mzima, kwa ajili ya majani. Nililia pia kwa sababu nilijiona tayari nimezama magotini kwenye tope la Mabogini, katika shamba la mtu mwingine, nikiwa yule yule mtoto wa katikati.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo lilipo somo la yule binti wa Dar. Baba hakuwa mjinga. Kanuni yake imelisha ukoo wetu miaka na miaka: kwenye shina la mgomba bakiza mama, mtoto na mjukuu, wenye nguvu, ng'oa wengine. Kwa Madoa kanuni hiyo inageuka juu chini. Tawi la kijani tupu lina nguvu kwa sababu lote ni jiko. Ukiliacha litawala ndugu zake, na mwisho utabaki na ua la kijani kama mengine yote. Likate, urudi nyuma mpaka kwenye jani lenye madoa. Na msije mkapitiliza upande wa pili: tawi lililotoa majani meupe peke yake nalo liondoe, maana halina jiko, linakula kwa wenzake. Unayemtaka ni yule aliyechanganyika, anayekua taratibu. Kumlea huyo kunataka moyo, kwa sababu kila siku jicho linamtamani yule anayekimbia.

Baba alitibiwa, akarudi Marangu anaona vizuri. Sikumwambia kitu. Niliendelea na kibarua kwa kichwa kizito, na Mama Ester aliponiuliza "Vyungu vinaendaje?" nilijibu "Vinakuja," jibu la mtu aliyekwisha.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja ya Jumapili, nikiwa najiandaa kwenda misa, nikasikia sauti ya Bi Zuhura kutoka uani.

"Gaspari! Wee Gaspari! Hebu njoo uone maajabu ya Mungu!"

Uani, pembeni ya bafu, Bi Zuhura alikuwa na mgomba mmoja aliokuwa anaupenda bure. Ulikunywa maji ya kuogea ya nyumba nzima na bado ulikuwa umekonda. Nilipofika alikuwa ameinama shinani, ameshika kiuno.

"Baba yako siku ile alinambia mgomba wangu una njaa. Nikamwambia mzee wangu, huyu ndivyo alivyoumbwa. Akasema hapana. Akaja na mzigo wa majani yako, akaulaza hapa chini, akafunika na maganda ya mgomba, akanambia nisiguse. Na mimi mtu mzima akinambia nisiguse, sigusi. Leo nafunua nifagie, naona mgomba umevaa kanga!"

Nilipiga magoti na nguo zangu za kanisani. Chini ya maganda yaliyooza nusu, kamba zangu zilikuwa zimelala zote, ndefu, zimejipinda kuzunguka shina, na kila kifundo kilichogusa udongo kilikuwa kimetoa mizizi. Juu ya mizizi, majani mapya. Ya kijani na nyeupe, nyeupe na kijani, mabichi, yanang'aa.

Nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa kihamba anakijua kabla hajajua kusoma. Mchagga hachomi jani. Kinachokatwa kinarudi kwenye shina la mgomba, kinaulisha. Baba alikata kwa kanuni ya mgomba, na alitupa kwa kanuni ya mgomba. Ya kwanza ilinivunja, ya pili ikaniinua. Pale kwenye kivuli, kwenye unyevu wa maji ya bafu, alikuwa ameniotesha miche ambayo mimi na woga wangu tusingeipata hata kwa maombi.

Nilimkumbatia Bi Zuhura, akanisukuma huku anacheka, "Toka huko na tope lako!" Misa ile sikuhudhuria, na naamini Mungu alinielewa.

Tulikusanya makopo ya mafuta ya kupikia ya mtaa mzima, tukayatoboa chini. Katika kila kopo nilipanda vipande kadhaa, si kimoja. Shikeni hili: ua lenye kamba moja ndefu ni mzee mwenye ndevu na kipara. Panda vingi pamoja, na kamba ikirefuka kata ncha yake uirudishe kwenye chungu kile kile, juu pajae. Siku hizo mkono haukugoma tena. Nilikata, nikapanda, nikageuza vyungu kila mara ili kila upande upate dirisha. Kwa mgomba wa Bi Zuhura nilileta mzigo mwingine wa majani, maana ule ulikuwa umeninyonyeshea watoto.

Nilipanda Marangu siku moja nikamweleza Baba yote, tangu kisu mpaka kanga ya mgomba. Alisikiliza akiwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, hanywi. Mwishoni alisema tu, "Kumbe yale meupe ndiyo yenyewe." Kisha akanipa mimi ile kata nianze kunywa kabla yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Desemba ilipoingia, roshani ilikuwa imejaa. Vyungu vilifuatana kutoka ngazini mpaka dirisha kubwa, Madoa wanamwagika kwenye reli kama kitambaa cha altare, rangi moja. Mama Ester alipanda juu, akabana jani moja kwa ukucha kuhakikisha si plastiki.

"Kesho njoo na vyeti vyako," alisema. "Umeajiriwa."

Maharusi wa kwanza walikuwa wamepanga kupiga picha bustanini. Bibi harusi akaingia ukumbini, akatazama juu, akamwambia mumewe, "Hatutoki humu." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza nimewanawisha uso wangapi. Walikuja kuomba vipande, wale wale, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini.

Baada ya Krismasi Baba akashuka. Aliingia mapokezi na koti lake la kanisani, mfuko mkononi, na kwenye mfuko kumechomoza sale. Kama hulijui, ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu anayekuja kwako ameshika sale amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumnyima. Wachagga wote waliokuwa pale waligeuka kutazama. Baba, na sale, mbele ya mwanawe!

"Baba, tafadhali, hapana," nilisema.

"Tulia. Yale tulimalizana kwenye mbege. Nionyeshe kwanza."

Tulipanda roshani. Alitembea taratibu kuanzia ngazini, mkono wake unapita juu ya kila chungu, vile vile anavyokagua migomba asubuhi. Alichomeka kidole kwenye udongo hapa na pale, akatikisa kichwa kukubali. Tulifika kwenye dirisha kubwa, kilele cha Kibo kimejitokeza nje, cheupe.

"Linaishia hapa?" aliuliza.

"Hapa, Baba."

"Na linaanzia kule ngazini."

"Ndiyo."

"Lete chungu."

Nilimletea. Alilitoa sale mfukoni, akalisimamisha katikati ya chungu, akashindilia udongo kwa vidole gumba vyote viwili.

"Kaka yako nilimpandia sale la mpaka wa shamba lake," alisema bila kuniangalia. "Mdogo wako nilimpandia. Wewe nilikuwa sijui nikupandie wapi."

Nilisema tu, "Aika, Baba," asante ya kwetu, na yeye akapangusa mikono kwenye koti la kanisani kana kwamba ni nguo ya shamba.

Yule binti wa Dar amenijibu jana. "Nimekata, Mzee. Mkono uligoma kwanza." Nimemwambia hongera, wangu uligoma zaidi, na kwamba asitupe alichokata.

Mimi nimestaafu, wengine wanamwagilia sasa. Mameneja wamebadilika, rangi za kuta zimebadilika, na vyungu vyote vimewahi kuhamishwa isipokuwa kimoja. Kiko mwisho wa roshani, karibu na dirisha, kina sale lililokaribia dari, na kila kijana mpya anayeingia kazini huambiwa siku ya kwanza kwamba hicho hakiguswi, ni mpaka wa shamba la Gaspari.